Tawi la chama hotelini na maji ya kijiji: tusimamie vyote viwili au tubaki na mshahara peke yake?

Katibu wa Tawi

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Nafanya kazi chumba cha kufulia katika hoteli moja ya mashariki ya Unguja, mwaka wa tisa huu. Hoteli siitaji, na naomba msinibane niitaje, mazungumzo bado yanaendelea na watu wana watoto wa kulisha. Mwaka juzi wenzangu walinichagua katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi. Nimekuja hapa kwa sababu tawi letu limegawika kwa jambo moja, na nataka kusikia kwa waliopita njia hii.

Nianze tulikotoka. Tulikuwa wanachama 11 tu. Wengi wetu tulikuwa tunapewa mikataba ya miezi mitatu mitatu. Ukiisha, unakaa nyumbani wiki moja, unaitwa tena, unaanza upya kama hujawahi kuliona lango lile. Masika ikiingia, Aprili na Mei, hoteli inapunguza watu na unaambiwa uko likizo. Likizo yenyewe haina mshahara. Kila mtu akinung'unika chini kwa chini, lakini kusaini fomu ya chama hakuna aliyetaka kuwa wa mwanzo.

Kilichobadilisha mambo ni karatasi moja. Dada mmoja wa usafi wa vyumba alikwenda ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, kuomba taarifa ya michango yake, kwa sababu alikuwa anakaribia kujifungua na alitaka kujua haki zake. Akakuta miezi minane haikupelekwa, na kwenye hati ya mshahara amekatwa kila mwezi. Hakupiga kelele. Aliitoa kopi karatasi ile, akaiweka mezani wakati wa kula, akakaa kimya na sahani yake ya wali. Watu wakaja mmoja mmoja, wanaisoma, wanahesabu kwa vidole. Wiki ile walijiunga 23.

Baada ya hapo tukakatazwa kuzungumza habari za chama sehemu ya kulia. Basi tukahamia kwengine: kwenye daladala ya alfajiri, kwenye arusi na misiba, na zaidi kisimani. Huko ndiko nilikoelewa jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Tukimweleza mtu habari za mkataba na michango, anasikiliza, anatikisa kichwa, halafu anauliza: "Na maji je?"

Kwetu ni maweni, wenyeji wa mashariki mnajua. Chini ni jiwe la matumbawe lenye vitundu, maji ya mvua yanajikusanya mle kama tabaka jembamba juu ya maji ya bahari. Ukiyavuta taratibu, yanakutosha. Ukitia pampu kubwa usiku na mchana, yale matamu yanakwisha na chumvi inapanda. Kisima cha bibi yangu nilikuwa nakinywa nikitoka chuoni. Sasa ukipikia chai, maziwa yanakatika. Mwaka 2012 shirika la Tourism Concern la Uingereza lilitoa ripoti iliyoangalia Nungwi, Kiwengwa na Jambiani. Walikuta nyumba ya mwenyeji inatumia kama lita 93 kwa siku, na chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kinafika lita 3,195. Mimi sikuhitaji ripoti kuamini hilo, mashuka nafua mwenyewe. Lakini ukikaa na meneja ni vyema uwe na nambari mkononi.

La pili ni bomba. Maji ya kufulia yetu yanatoka kwa bomba la inchi nne, linapita chini ya mivinje, linamwaga mchangani juu kidogo ya pale maji yanapojaa. Mama yangu analima mwani. Siku moja ya bamvua, maji yanapokupwa sana, nilikuwa mapumziko nikaenda kumsaidia kufunga. Tumeinama, tai-tai, zile nyuzi za kufungia mwani, ziko mdomoni, nikaona povu jeupe linatambaa kutoka kwenye mivinje linakuja kwenye vijiti vyetu vya kamba za mwani. Nikalijua kwa harufu. Ni dawa ile ile inayonibambua ngozi ya viganja, kwa sababu glovu tunapewa jozi moja kwa miezi mitatu na zinatoboka wiki ya pili. Mama akaniuliza hii nini. Nilishindwa kumjibu, wallahi. Asubuhi naimwaga mimi, jioni inamfikia yeye.

Sasa tunatayarisha madai ya mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya pamoja baina ya chama na mwajiri. Matatu hayana ubishi: mikataba isipungue mwaka mmoja, michango iliyokosekana ipelekwe, glovu na buti kwa watu wa kufua na wa bustani. Mimi na wenzangu kadhaa tunataka kuongeza mawili: maji ya kufulia yachimbiwe shimo na kuchujwa yasimwagwe pwani, na hoteli itoe tapu mbili za maji matamu nje ya ukuta kwa ajili ya kijiji. Nusu ya tawi wanasema hayo mawili si ya chama, ni ya sheha na Mamlaka ya Maji.

Mimi nasema ni ya chama. Naomba rai zenu, za kukubali na za kukataa.

Mpishi wa Kaskazini

Waalaykum salaam katibu. Pole na kazi, na hongera.

Mimi nakataa, na nakataa kwa kheri. Nimekaa kwenye kamati ya tawi miaka sita. Mwajiri akikaa na nyinyi anatafuta mlango wa kutokea. Mkimletea jambo ambalo si la ajira, umempa mlango. Atasema chama kimeacha kazi yake kimeingia siasa za kijiji, na mwanasheria wake atakubaliana naye. Mtatoka mle bila tapu na bila glovu. Sheria ya Mahusiano Kazini Namba 1 ya 2005 imewapa nafasi ya kukaa mezani kama wafanyakazi, si kama wanakijiji. Chukueni kwanza kile ambacho hawawezi kuwanyima.

Jengine: wanachama wanakatwa ada kila mwezi. Mtu wa bara anayekatwa ada atauliza kwa nini pesa yake ipiganie kisima cha kwenu.

Katibu wa Tawi

Kaka, umesema kweli kuhusu mlango. Hilo limenikalia.

Lakini angalia lile la bomba. Dawa ni moja. Ikiwa inanibambua mimi ndani, hilo ni jambo la Sheria ya Usalama na Afya Kazini, Namba 8 ya 2005, hakuna atakayebisha. Dai letu linaanza na dawa yenyewe: inunuliwe ipi, ichanganywe vipi, na mwisho wake ni wapi. Siwezi kuzungumzia nusu ya safari yake nikanyamaza ikifika ukutani.

Na kuhusu nguvu. Mwaka jana walitaka kuwaondoa wenzetu watatu wa kamati, sababu iliyoandikwa ni "kupunguza wafanyakazi". Barua zilitoka Alkhamisi. Jumamosi asubuhi wazee saba wa kijiji na sheha walikuwa wamekaa kwenye ubao wa mlinzi, wamevaa kanzu, wanaomba kuonana na meneja. Hawakufoka. Walisema tu kwamba wale ni watoto wao na wanataka kujua wamekosa nini. Afisa wa chama kutoka mjini alifika Jumatatu na karatasi zake, akakuta meneja keshalainika. Barua zikafutwa. Wazee wale hawakuja kwa ajili ya mkataba wa hali bora. Walikuja kwa sababu mwezi mmoja kabla tulikuwa tumesimama nao walipofungiwa njia ya kushukia pwani, ile ya kupitishia nyavu na mashine za boti.

Mtu wa Bara, Paje

Habari za humu wadau. Shikamooni wakubwa.

Nimetajwa, naomba nijibu. Mimi nimetoka Tanga, ni mhudumu wa baa mwaka wa nne. Nimepanga chumba uswahilini, nyuma ya msikiti. Maji ya chumvi nayaoga mimi pia, ndoo ya maji matamu nanunua kama mwenyeji yeyote. Kwa hiyo aliyesema mtu wa bara atauliza kwa nini ada yake ipiganie kisima, mimi nimeuliza na nimejijibu.

Ila naomba niseme linaloniuma. Nilipofika, nilikuwa naambiwa barabarani kwamba nimekuja kuchukua kazi ya mtoto wa mtu. Huku ndani ya hoteli meneja anatwambia watu wa bara kwamba wenyeji ni wavivu, na anawaambia wenyeji kwamba sisi ni wezi. Kila upande unalishwa maneno yake. Mwaka 2020 ndege ziliposimama na hoteli zikafungwa, tulirudishwa nyumbani wote, wa bara na wa visiwani, bila senti. Sikuwa na nauli ya boti. Aliyenipa chakula miezi miwili ni mama mwenye nyumba, mkulima wa mwani, na kodi hakunidai. Chama kikisema kinamtetea mama yule, mimi fomu nasaini mara mbili.

Mzee wa Malindi

Wanangu, nimesoma yote, mwandiko wenu mdogo na macho yangu ndiyo haya.

Marehemu baba yangu alikuwa hamali bandarini hapa Unguja. Mgomo wa 1948 alikuwamo. Mombasa walikuwa wamegoma Januari 1947, Dar es Salaam Septemba mwaka huo huo, na habari zilikuwa zinakuja na majahazi. Huku kwetu ulianza bandarini mwezi wa Agosti 1948, vitu vimepanda bei na posho ni ile ile. Septemba ukawa si wa mahamali tena, ni wa mji mzima. Wafanyakazi wa majumbani waliacha majiko, wachukuzi waliacha mikokoteni.

Marehemu alikuwa akitwambia kwamba hawakuwa na akiba hata ya siku tatu. Waliwezaje basi? Watu walirudi shamba kwa jamaa zao, wakala muhogo wa ndugu. Asiye na jamaa shamba alichukuliwa na mwenzake. Mzungu alidhani njaa itawarudisha kazini, hakujua kwamba hamali ana shangazi Bumbwini. Nyongeza ilipatikana.

Na kabla ya hapo, 1928, wakaazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja. Wale wale waliokuwa wakichukua mizigo mchana ndio waliokuwa na vibanda kwenye viwanja vile usiku. Huwezi kumpasua mtu katikati ukasema huyu ni mfanyakazi, huyu ni mkaazi.

Lakini niwape na la kuwaonya. Miaka ya hamsini mwishoni vyama vya wafanyakazi vilifuata vyama vya siasa. Shirikisho moja, ZPFL, lilikuwa na ASP, chama cha Afro-Shirazi. Jengine, FPTU, lilikuwa na Hizbu, yaani ZNP. Hamali na hamali hawakusalimiana. Baada ya 1964 vyama huru vikaondoka, ikaja zama za JUWATA, jumuiya moja ya wafanyakazi chini ya chama kimoja cha siasa. Imechukua miaka mingi mpaka kuja kuwa na ZATUC, shirikisho la vyama vya wafanyakazi Zanzibar, na vyama vyake. Kwa hiyo katibu, ingia kijijini kwa maji na kwa njia ya pwani, lakini mtu akija na bendera ya siasa, mwambie tutaonana naye siku nyengine. Kila mwaka wa uchaguzi watakuja.

Mpishi wa Kaskazini

Shikamoo mzee. Nimekusikia, na hili la shangazi Bumbwini nimelielewa. Bado nina khofu na mkakati, lakini si na nia.

Mchumaji, Wete

Sie huku Pemba hoteli ni za kuhesabu. Lakini nasoma nikijiuliza, na sie wachumaji karafuu tuko chama gani? Hatuna mwajiri mmoja. Leo unachumia shamba la huyu, kesho la yule, unalipwa kwa pishi. Jioni mkeo na watoto wanachambua makonyo, vile vikonyo vya karafuu, mpaka saa nne usiku, hao hawalipwi, ni msaada wa nyumba.

Mkarafuu tawi lake halipindi, linakatika. Mwaka ule wa mavuno makubwa jirani yangu alianguka, uti wa mgongo. Mwenye shamba alileta mchele na akamlipia gari ya hospitali, na kwa ubinadamu alifanya. Lakini karatasi hapakuwa, wala makubaliano ya mdomo kwamba ukianguka itakuwaje. Sasa hivi yule bwana anakaa barazani, anasuka pakacha. Umri wake 34.

Kama kuna mtu anajua namna wachumaji wanavyoweza kujiunga, hata kwa kikundi cha shehia, aniambie. Msimu hauko mbali.

Baharia Mstaafu

Mchumaji, kikundi cha shehia ni mwanzo mzuri. Kubalianeni kitu kimoja kabla ya msimu: bei ya pishi na nani anabeba gharama mtu akianguka. Muandike, wenye mashamba watie saini mbele ya sheha. Mkiwa 40 mnaokataa kupanda bila karatasi ile, itasainiwa, kwa sababu karafuu ikichanua ule ujana wake unapita. Halafu wafuateni ZATUC, waambieni mnataka kuingia kwenye chama kipi. Haki ya kujiunga si ya watu wa ofisini peke yao. Tanzania imeridhia mikataba ya ILO, Shirika la Kazi Duniani, inayolinda haki hiyo: nambari 98 tangu 1962 na nambari 87 tangu 2000.

Katibu, nije kwako. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama Nungwi ikielekea Pemba, walioingia baharini mwanzo ni wavuvi wa Nungwi na vijana wanaofanya kazi za kupigisha watalii mbizi. Hawakuulizana nani ana jukumu. Meli ile ilijaa kupita kiasi. Watu wanaojua meli imelala ni wale walioko juu yake na wale wanaopakia. Mimi nimefanya kazi ya meli miaka 21, na nakwambia mtu anayefanya kazi bila mkataba hawezi kumwambia nahodha "haiondoki hii". Kesho atakuwa hana kazi, atachukuliwa mwengine. Mwaka uliofuata, Julai 2012, ikazama meli nyengine, Skagit, karibu na Chumbe.

Anayeweza kukataa bila kufukuzwa ndiye anayemlinda abiria. Nawe ni hivyo hivyo: mtu wa kufua mwenye mkataba wa mwaka ndiye atakayesema bomba hili limwage kwengine. Wa miezi mitatu atafunga mdomo na povu litaendelea. Kwa hiyo lile dai la mikataba na lile la bomba mimi nayaona dai moja.

Bi Mwani

Mie si mfanyakazi wa hoteli wala sina chama. Mwanangu kanisomea.

Mwani tunalima tangu ulipoletwa, 1989. Mwani mnene umekufa, maji yamekuwa moto, unaoza kwenye kamba kabla haujakomaa. Tumebaki na mwembamba, na huo bei yake ndogo. Juu ya hayo ikija dawa ya kufulia, hatuna pa kwenda.

Tulishakwenda kulalamika hotelini, wanawake tisa. Tukawekwa nje ya lango mpaka adhuhuri, tukapewa soda, tukaambiwa tutaitwa. Hatukuitwa. Nyie watoto mko ndani ya lango. Bomba mnalijua linapoanzia, dawa mnazijua majina. Mkisema hilo si lenu, sie tutamwambia nani?

Katibu wa Tawi

Mama, nimekusikia. Nimeisoma posti yako kwa sauti mbele ya kamati jana usiku.

Ndugu zangu, niwape yaliyojiri ndani ya wiki tatu hizi.

Tulipiga kura. Wanachama 61 walihudhuria, 44 walikubali madai yote matano, 17 walikataa mawili ya mwisho. Lakini tulichukua tahadhari ya kaka Mpishi: tumeyapanga tofauti. La bomba limeingia ndani ya usalama kazini, pamoja na glovu na majina ya dawa. La tapu za maji tumeliandikia barua ya peke yake, imesainiwa na tawi, sheha, kamati ya wavuvi na wakulima wa mwani, ili hata wakikataa kulizungumza kwenye mkataba wasiwe na kisingizio cha kuuvunja mkutano.

Kikao cha kwanza kimekaa. Glovu na buti wamekubali, zimeshafika, nimezivaa leo. Michango iliyokosekana wameomba miezi mitatu waimalize, tumeandikiana, na kila mwanachama ataomba taarifa yake ZSSF mwisho wa kila mwezi. Mikataba ya mwaka wamekataa, hapo tumekwama, tunakwenda kwa msuluhishi. Watu wengine wanauliza mgomo. Hatujafika huko. Kuna hatua na notisi za kupitia, na tukiziruka tunajitia kitanzi wenyewe.

Bomba: fundi amekuja kupima shimo. Nimesimama naye. Shimo alilotaka kuchimba lilikuwa hatua kumi kutoka kisima cha msikiti, nikamwambia hapa hapachimbwi, kachukua futi yake kaenda upande wa pili. Nisingekuwa pale lingechimbwa.

Maji ya kijiji hawajajibu. Barua ina siku 16.

Mchumaji wa Wete, afisa mmoja wa chama nimemueleza habari yako, yuko tayari kuja. Nitumie ujumbe wa ndani.

Mkutano wa pamoja, tawi na kijiji, ni Jumapili saa nne asubuhi, chini ya mti wa mkungu karibu na dago la wavuvi. Kila mfanyakazi aje na mkataba wake na hati ya mshahara ya mwezi uliopita.

Mtu wa Bara, Paje

Nakuja na wenzangu wanne wa baa. Tunaingia zamu ya jioni, hivyo asubuhi tuko huru.

Bi Mwani

Katibu, Jumapili saa nne ni bamvua. Maji yatakuwa yamekupwa, wanawake wote tutakuwa chini tunavuna. Tusubirini mpaka baada ya alaasiri.

Katibu wa Tawi

Tumebadilisha. Jumapili, baada ya alaasiri.